Je, volkano iliyounda Rusinga na Mfangano inaweza kulipuka tukiwa majini?

Swali: "Sisi ni marafiki watano wa Nakuru, na wawili kati yetu wamejifunza kuendesha mashua ya tanga katika Ziwa Naivasha. Mwezi wa Januari tunataka kuazima mashua ya futi 22 mjini Kisumu, tupite Ghuba ya Winam hadi Rusinga, twende Mfangano, na muda ukituruhusu tufike Migingo. Tumesoma kwamba visiwa hivi viliundwa na volkano. Mimi nimekulia chini ya Menengai, ambako mvuke hutoka ardhini hadi leo, na mama yangu ananiuliza kila siku tutakimbilia wapi mlima ukilipuka na sisi tumezungukwa na maji. Rafiki yetu mmoja naye ametueleza habari za ziwa la Kameruni lililotoa gesi na kuua watu usiku mmoja. Je, tunapaswa kuogopa? Tulale visiwani, au turudi bara kila jioni?"

Ndugu msomaji, mwambie mama kwamba swali lake ni la mtu mwenye busara, kwa sababu aliyelelewa kando ya Menengai amejifunza kwa macho yake kwamba ardhi inaweza kuwa hai. Hata hivyo, mlima uliounda Rusinga na Mfangano ulikufa mamilioni ya miaka iliyopita na hautaamka mkiwa majini. Gesi iliyoua watu Kameruni nayo haina njia ya kujikusanya katika Ziwa Viktoria. Kilichonitia wasiwasi katika barua yako ni kwamba umeandika mengi kuhusu moto na hukuandika neno hata moja kuhusu upepo, ilhali upepo ndio unaozamisha vyombo katika ghuba hiyo. Nitaanza na moto, kwa kuwa ndio ulioulizia, kisha nitakaa zaidi kwenye upepo.

Menengai na mlima wa Rusinga ni wa ukoo mmoja, ila umri wao umeachana sana. Chini ya Menengai bado kuna mawe yenye joto kali, na maji ya mvua yanayopenya kwenye nyufa hukutana na joto hilo na kurudi juu yakiwa mvuke. Ndiyo sababu visima vya kuzalisha umeme vilianza kuchimbwa pale mwaka wa 2011. Mlima uliounda visiwa mnavyokwenda kuviona unaitwa Kisingiri. Kitovu chake hakikuwa kisiwani hata kidogo: kilikuwa bara, kusini mwa Mbita, mji wa ufuoni ulio mkabala na Rusinga, mahali ambapo leo kuna vilima vya Rangwa. Rusinga na Mfangano ni mabaki ya miteremko yake ya kaskazini, yaani tabaka juu ya tabaka za majivu, tope la volkano na lava zilizomwagika kutoka kwenye mlima huo yapata miaka milioni 20 iliyopita.

Hapa pana dhana ambayo watu wengi wanayo, na labda nanyi mnayo: kwamba visiwa hivi vilichomoza kutoka ndani ya maji, kama vinavyochomoza visiwa vya volkano baharini. Kisingiri ulipokuwa ukiwaka, ziwa hili halikuwapo. Palikuwa na mito, misitu na wanyama, na majivu ya mlima, ambayo yalikuwa na chokaa nyingi, yaliwafunika na kuwahifadhi vizuri ajabu. Ni katika majivu hayo ya Rusinga ambapo Mary Leakey alipata, mwaka wa 1948, fuvu la nyani mkubwa wa kale ambaye leo wanasayansi humwita Ekembo. Ziwa lilikuja baadaye mno, pale ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuzuia mito iliyokuwa ikielekea huko, na maji yakajaa katika bonde hadi yakaizunguka miinuko ya zamani. Kwa hiyo mkitia nanga Rusinga, mtakuwa mmetia nanga kando ya ubavu wa mlima mkongwe uliozungukwa na maji mageni.

Tunajuaje kwamba umekufa na haujalala tu? Mlima uliolala huwa bado una chanzo cha magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, chini yake. Kisingiri ulizaliwa juu ya mkono mmoja wa Bonde la Ufa, ule unaotoka kwenye bonde kuu na kuelekea magharibi hadi Winam, na mkono huo uliacha kupanuka huku bonde kuu linalopita Nakuru na Naivasha likiendelea. Magma isiyoongezwa nyingine kutoka chini hupoa na kuganda, na miaka milioni kadhaa ni muda mrefu kupita kiasi kwa kazi hiyo. Ushahidi mwingine mnaweza kuukanyaga kwa miguu yenu. Mvua na mito vimeumega mlima huo hadi pale Rangwa unatembea juu ya mawe yaliyokuwa ndani ya tumbo lake. Volkano hai hujijenga upya kila inapomwaga lava, lakini hii imekuwa ikiliwa bila kuongezwa kitu.

Mkitaka kuona jinsi Kisingiri ulivyokuwa ujanani, mfano ulio karibu zaidi ni Oldoinyo Lengai nchini Tanzania, mlima pekee duniani ambao leo hutoa lava ya aina ya kabonatiti, yenye asili ya chokaa na magadi badala ya silika. Ninapowapeleka wanafunzi Rusinga huwaomba waushike mkononi udongo wa kijivu wa vilimani na kuulinganisha na picha za majivu ya Lengai, na sijawahi kuona mwanafunzi ambaye macho yake hayakubadilika.

Mlima Homa, mtakaouona upande wa kushoto mkielekea Mbita, ni mdogo kwa umri kuliko Kisingiri, na chini yake kuna chemchemi za maji moto. Huo nao hauna dalili za kulipuka. Maji yale ni ya mvua yaliyozama kwa kina, yakapata joto, yakapanda tena kupitia nyufa. Hatari ya chemchemi hizo ni ya ngozi: ukoko wa chumvi unaozizunguka huonekana imara na huvunjika ghafla chini ya mguu. Kaeni hatua kadhaa mbali na kingo, na msipime joto kwa kidole.

Sasa gesi. Ziwa analolisema rafiki yenu ni Nyos. Tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa wingu la kaboni dayoksaidi lililoua watu takriban 1,700. Ili jambo kama hilo litokee, mambo matatu lazima yakutane. Kwanza, gesi iwe inapenya kutoka chini kwa muda mrefu. Pili, ziwa liwe na kina kikubwa, na Nyos lina zaidi ya mita 200, ili uzito wa maji uishikilie gesi hiyo kama kifuniko cha chupa ya soda. Tatu, maji ya chini yasichanganyike na ya juu, mwaka baada ya mwaka. Ziwa Viktoria limekosa masharti haya. Sehemu yake yenye kina kikubwa kabisa ni ya mita 80 na ushee tu, Ghuba ya Winam ni ya mita chache katika sehemu kubwa, na pepo za katikati ya mwaka huyakoroga maji kutoka juu hadi chini. Samaki wanaokufa kwa wingi ghubani mara kwa mara, ambao picha zao huwatia watu hofu ya gesi, hufa kwa kukosa oksijeni pale maji ya chini yaliyochakaa yanapopandishwa juu na upepo.

Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo kwa kweli ni kasoko ya mlipuko: magma ilikutana na maji chini ya ardhi, mvuke ukapasuka, likabaki shimo la duara. Wazee wa Kijaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji kilichomnyima hifadhi bikizee mmoja usiku wa sherehe, na kijiji kizima kikazama. Nendeni mkalione, mkawatazame flamingo kama mlivyozoea kuwatazama Nakuru, lakini msiogelee humo. Maji yake ni ya magadi makali, huwasha macho na kukausha ngozi.

Nirudi kwenye upepo, na hapa naomba msome polepole.

Upepo wa Winam huzaliwa kutokana na tofauti ya joto kati ya ardhi na maji. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa ya juu yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huvutwa kuziba pengo. Upepo huu hutoka magharibi na kuvuma kuelekea Kisumu, huanza karibu na saa sita mchana, na hupata nguvu kamili alasiri. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo mpole hutoka nchi kavu kwenda majini hadi asubuhi. Kwa mtu anayetoka Kisumu kwenda Mbita maana yake ni moja. Asubuhi upepo uko mgongoni mwenu, na baada ya adhuhuri uko usoni, nanyi mtalazimika kubisha huku na huku dhidi ya mawimbi mafupi yaliyosongamana, ambayo huchosha na kulowesha kuliko mawimbi marefu ya bahari. Ghuba ina kina kidogo, na wimbi lililokosa kina husimama wima.

Kutoka Kisumu hadi Mbita ni kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka. Mashua ya futi 22 yenye watu watano na mizigo yao haitamaliza safari hiyo kabla ya upepo wa magharibi kuinuka. Kwa hiyo igaweni. Siku ya kwanza ng'oeni nanga kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu mnapoweza kuona nyavu na magugumaji mbele yenu, na mfike Kendu Bay, takriban kilomita 30, kabla ya saa sita. Siku ya pili zungukeni Rasi ya Homa na mlale Homa Bay. Siku ya tatu fikeni Mbita. Mtaona kwamba hii ni safari ya nusu siku nusu siku, na kijana mwenye haraka huiona ni kupoteza muda. Mchana ule mliobakiza ndio wa kupanda vilima na kutazama mawe mliyoyafuata.

Juu ya upepo wa kila siku kuna ngurumo, nazo ndizo ninazoziogopa. Mawingu ya radi hukua juu ya vilima vya Nandi na nyanda za juu za Kericho mchana, kisha husukumwa kuelekea magharibi na kufika ziwani jioni. Mtu ambaye hajawahi kuliona jambo hili hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu upepo anaousikia shavuni unatoka magharibi, naye hudhani hali ya hewa yote itatoka huko. Kumbe tufani iko nyuma yake, mashariki. Mvua nzito inapoanguka kutoka kwenye wingu huiburuta hewa baridi hadi chini, na hewa hiyo ikigonga maji hutawanyika pande zote kwa kasi. Dalili yake ni hii: upepo wa magharibi unakatika ghafla, maji yanatulia, hewa inapoa, halafu ndani ya dakika chache upepo unakupiga kutoka upande wa pili. Mashua iliyoacha tanga lote wazi wakati wa utulivu ule hupinduka.

Nimewahi kuwa ndani ya utulivu huo. Nilikuwa nimechelewa Mfangano kwa sababu ya mwamba mmoja nilioupenda, tukaondoka saa kumi alasiri ingawa msukani wetu alikuwa amesema saa saba. Upepo ulikatika tukiwa katikati ya mkondo. Yeye hakusema neno; alishusha tanga, akatuamuru tukae chini sakafuni na kufunga majaketi, na dakika chache baadaye hatukuweza kuonana kwa mvua. Tulifika salama kwa sababu ya mikono yake. Tangu siku hiyo aliye usukani ndiye anayeamua saa ya kuondoka, na mimi hukunja karatasi zangu.

Basi nawaomba mambo haya bila kuyapunguza. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea tangu nanga inapong'olewa, wala si kulikalia kama mto. Tanga lipunguzwe mapema, mnapojiuliza kama mlipunguze. Msisafiri usiku: mbali na tufani, kuna nyavu zisizo na taa, mashua za wavuvi wa omena, na visiwa vizima vya magugumaji vinavyohama na upepo na kunasa usukani. Mwezi wa Januari mmeuchagua vizuri, kwa kuwa uko kati ya mvua za vuli na za masika, lakini radi za ziwani hazina likizo, kwa hiyo someni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kila asubuhi.

Je, ujuzi wa Naivasha unatosha? Unatosha kwa kamba na tanga. Hautoshi kwa ziwa hili, kwa sababu Naivasha unaona ufuo kila upande, ilhali ukitoka nje ya mlango wa ghuba kuelekea Mfangano unakutana na mawimbi yaliyokuja kutoka upande wa Uganda bila kuzuiwa na kitu. Mna njia tatu. Ya kwanza ni mpango wenu wa sasa, watu watano peke yenu, na siipendi. Ya pili ni kusafiri kwa tanga pamoja na baharia mwenyeji mnayemlipa siku zote za safari. Hii ina gharama, na mtabanana, lakini mtajifunza mengi. Ya tatu ni kwenda Luanda K'Otieno kwa barabara, kuvuka kwa feri hadi Mbita, kisha kukodi boti ya injini ya wenyeji kwenda Mfangano. Njia hii inawanyima raha ya tanga, ila inawapa siku tatu zaidi za visiwa. Kama mngekuwa watoto wangu, ningechagua ya pili kwa ghubani, na kwa kipande cha kutoka Mbita hadi Mfangano ningewaambia muiache mashua yenu bandarini na mpande boti ya wenyeji.

Migingo muiondoe kabisa. Ni jabali dogo lililojaa nyumba za mabati, liko mbali katika maji ya wazi, na Kenya na Uganda zimelizozania kwa miaka mingi. Chombo cha matembezi kilichopeperushwa na upepo huko kinaweza kukutana na maafisa wa upande wowote, na hakuna jiwe pale ambalo hamtaliona kwa amani zaidi Rusinga.

Kuhusu kulala, laleni visiwani. Kurudi bara kila jioni kungewaweka majini saa zile zile ninazowakataza. Ila chagueni mahali. Visiwa hivi vimejengwa kwa tabaka laini za majivu, na juu yake kuna lava ngumu iliyobaki kama kofia. Mvua huchimba majivu ya chini, lava inabaki ikining'inia, na siku moja kipande chenye ukubwa wa nyumba kinaporomoka. Ukiona mawe makubwa yametapakaa chini ya genge, usiulize yalitoka wapi. Piga hema mbali. Msipande njia za mabonde mvua inaponyesha, kwa maana majivu yaliyolowa huteleza kama sabuni.

Mkiwa Mfangano, ombeni mwongozaji wa kijiji awapeleke Mawanga na Kwitone, kwenye michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe. Msiiguse, wala msiimwagie maji ili picha itoke vizuri. Rangi ile imeshikwa na mwamba dhaifu. Rusinga nako mtakanyaga visukuku bila kutafuta. Viacheni pale mlipovikuta, mpige picha, na mwarifu mwenyeji, kwa kuwa kuviokota bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Zaidi ya sheria, kisukuku kilichong'olewa kwenye tabaka lake hupoteza umri wake, na hakuna mtaalamu anayeweza kukirudishia.

Yapo mambo ambayo hayatoshi kujibiwa kwa maandishi. Mashua mnayoazima ikaguliwe na mtu wa Mamlaka ya Usafiri wa Majini au fundi wa mashua kabla hamjalipa, hasa mlingoti, kamba zinazoushikilia na usukani. Nyinyi wa Nakuru hamna kinga ya malaria kama waliyo nayo wenyeji wa Mbita, kwa hiyo muoneni daktari wiki chache kabla ya safari awaandikie dawa za kuzuia, na homa yoyote itakayowapata mkiwa huko au katika wiki za baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo. Maji ya ufuoni yana konokono wanaobeba kichocho. Kama mtaoga au kutembea majini karibu na matete, pimweni kama miezi miwili baadaye hata kama hamwoni dalili yoyote. Tiba yake ni vidonge na ni rahisi ikipatikana mapema.

Kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga, mpitieni mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mwambieni mnakwenda ufuo gani na mnatarajia kufika saa ngapi, na mumwachie namba ya simu ya mama yako. Naye mama mpe namba ya mwenyekiti. Ikifika saa tisa alasiri bila simu kutoka kwenu, atajua nani wa kumpigia, na huyo atajua mashua za kuwatafutia zimefungwa wapi.